Kuisoma Ngozi Kabla ya Kuigusa: Mwongozo kwa Wasusi, Vinyozi na Wapaka Hina wa Mombasa

Mteja anapoketi mbele yako, iwe ni katika kibanda cha kinyozi cha Majengo, saluni ya Kongowea au ukumbi wa nyumba ya Mji wa Kale ambako bi harusi amenyoosha miguu apakwe hina, vidole vyako huifikia ngozi yake mapema kuliko vya daktari yeyote. Ni wewe unayegeuza sikio lake, unayezigawa nywele zake mstari kwa mstari, na unayepitisha wembe kisogoni ambako mwenyewe hawezi kujiona. Mwongozo huu hauna nia ya kukufanya tabibu. Unataka tu kwamba kabla hujapaka, hujasuka wala hujanyoa, uitazame ngozi kwa utaratibu, uelewe unachokiona, kisha uamue moja kati ya mambo matatu: kuendelea na kazi, kuibadilisha, au kuiacha. Kumwachia mteja aende zake na pesa zake ni jambo zito, hasa katika mwezi wa Shaabani harusi zinapofuatana, na kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu hali ambazo kuacha ndiyo kazi yenyewe.

Ukuta wa mawe na chokaa

Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hufikia takriban mita mraba 1.5 hadi 2, na ina matabaka matatu. La juu huitwa epidemisi. Kwenye kope ni jembamba kiasi cha milimita 0.05, na kwenye unyayo hufika milimita 1.5. Aliyewahi kuuona ukuta wa nyumba kuukuu ya Mji wa Kale uliobanduka lipu atalielewa tabaka hili bila shida. Seli zake, zilizojaa protini ngumu iitwayo keratini, ni kama mawe ya matumbawe, na mafuta yaliyo baina ya seli hizo ni kama chokaa inayoyashika mawe. Chokaa ikiliwa, mawe yatabaki mahali pake lakini ukuta utavuja: maji ya mwilini yatatoka, ngozi itakauka na kuwasha, na sabuni, rangi na manukato vitapenya hadi mahali ambapo havikutakiwa kufika. Seli hizo huzaliwa chini ya tabaka, hupanda polepole, na hupukutika juu baada ya wiki nne hivi. Muda huo ni wa kukumbukwa, kwa sababu mteja anayetaka ngozi iliyoungua wiki iliyopita ipakwe dawa tena wiki hii anauomba ukuta ambao haujakauka ubebe ghorofa.

Uso wa ngozi yenye afya una asidi kidogo, yaani pH ya 4.5 hadi 5.5 (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni ya maji safi, chini yake ni asidi, juu yake ni ukali wa magadi). Sabuni ya kipande huwa na pH ya 9 hadi 10, na dawa ya kulainisha nywele iliyotengenezwa kwa sodiamu haidroksaidi hufika 12 hadi 14, kiwango kinachoweza kuunguza ngozi kwa dakika chache. Ndiyo maana mteja aliyejikuna kichwa usiku kucha kabla ya kuja saluni huungua mahali ambapo mwenzake hakuhisi chochote: dawa ni ile ile, lakini ukuta wa huyu ulikuwa umekwisha kutobolewa kwa kucha.

Epidemisi haina mishipa ya damu. Kwa kinyozi hili ni jambo lenye uzito, kwa maana ukiona tone la damu, hata dogo kama kichwa cha pini, jua wembe umelipita tabaka la juu na kuingia la pili, na kila kilichoguswa na tone hilo kinaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B au vya UKIMWI. Wembe huo hutupwa. Mashine huondolewa nywele kwanza kwa brashi, kisha hupanguswa kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa ikauke yenyewe. Kuimwagia spiriti mashine iliyojaa nywele na mafuta hakusaidii, kwani spiriti haipenyi uchafu.

Chini kabisa ya epidemisi zimo melanositi, ambazo ndizo zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Watu weusi na weupe wana melanositi karibu sawa kwa idadi. Tofauti iko katika wingi, ukubwa na mtawanyiko wa punje za melanini wanazozitoa. Ngozi nyeusi inapopata ugonjwa wa kuwaka, melanositi hushtuka na kumwaga rangi, na doa linalobaki hukaa miezi mingi baada ya ugonjwa wenyewe kupona. Wateja wengi wanapolalamika hulalamikia doa, si ugonjwa, na huko ndiko wanakouziwa makopo ya kung'arisha ngozi, mengine yakiwa na zebaki, ambayo huharibu figo, na mengine yakiwa na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza kuwaka kwa ngozi, ambayo haikutajwa popote kwenye kopo.

Tabaka la pili, demisi, ni la nyuzi za kolajeni na elastini, mishipa ya damu, neva, tezi, na mizizi ya nywele. La tatu ni la mafuta, na kwa kazi yako halihitaji maneno zaidi. Katika demisi angalia hasa tezi za jasho, ambazo ni kati ya milioni 2 na 4 mwili mzima. Jasho hupoza mwili linapokauka, lakini mwezi wa Machi, kaskazi inapokuwa imelegea na hewa imejaa unyevu, jasho la Mombasa hutiririka tu bila kukauka.

Kila unywele huota ndani ya kifuko kilichozama kwenye demisi. Chini ya kifuko kuna sehemu iliyotuna mfano wa kitunguu kidogo, inayolishwa na mishipa ya damu. Ubavuni kuna tezi ya mafuta, na pia msuli mdogo unaousimamisha unywele mtu anaposisimkwa. Kinachoonekana nje ya ngozi hakina uhai. Ni keratini iliyofungamana, na uso wake umefunikwa na magamba yaliyolaliana kama makuti juu ya paa, ncha zikielekea chini. Ukizirudisha nywele kwa kitana kuelekea ngozini unayainua makuti hayo. Dawa ya kulainisha huyainua zaidi na kukata viungo vya ndani vinavyoupa unywele mkunjo wake. Nywele zetu zina jambo la ziada: kifuko chake kimejipinda, na unywele wenyewe ukikatwa na kuangaliwa kwa hadubini si duara bali ni bapa. Mafuta ya tezi hayateremki vizuri kwenye unywele uliojisokota, kwa hiyo hukauka na kukatika kwa urahisi hata kama mwenye nazo anazitunza.

Kichwani pana nywele karibu 100,000, na kila moja ina zamu yake. Hukua kwa miaka 2 hadi 6, kiasi cha sentimita moja kwa mwezi au pungufu kidogo, kisha hukoma kwa wiki mbili au tatu, hupumzika takriban miezi mitatu, na hutoka. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Mteja aliyefumua misuko ya wiki sita akaliona fungu la nywele mkononi huingiwa na hofu, na mara nyingi fungu hilo ni la nywele zilizokwisha kutoka zamani zikazuiwa na msuko. Zitazame ncha. Zikiwa na kijivimbe cheupe, zimetoka kwa zamu yake. Zikiwa fupi na zimekatika bila kijivimbe, basi kuna mkono au dawa iliyozikata.

Kutazama mchana, kwa mkono na kwa maswali

Aulus Cornelius Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba dalili za inflamesheni, ndiko kuwaka tulikokutaja, yaani hali ya mwili kupeleka damu, maji na seli za kinga mahali panaposhambuliwa, ni nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Vitabu vingi vya urembo vinavyofika kwetu bado huanza na wekundu huo, na picha zake nyingi ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kama zambarau, kahawia iliyoiva au kijivu, na wakati mwingine hauonekani kabisa. Usiusubiri. Tegemea zile dalili tatu zilizobaki, uongeze ya tano ambayo wateja wataitaja kabla ya zote: kuwasha.

Mpeleke mteja barazani au mlangoni penye mwanga wa mchana, kwa sababu taa za saluni hupotosha rangi. Tazama pande zote mbili za mwili na ulinganishe, shavu kwa shavu na kiwiko kwa kiwiko. Pitisha mgongo wa mkono wako, si kiganja, juu ya sehemu unayoishuku, kisha juu ya ngozi nzima iliyo karibu. Joto la ziada utalihisi. Kisha pitisha ncha za vidole kutafuta unene, mikwaruzo au magamba. Ukikuta majimaji, usaha au kidonda kibichi, vaa glavu kabla ya kuendelea kupekua.

Maswali ni matatu, na yaulizwe kwa heshima na kwa sauti ya chini, kwa kuwa ngozi ni aibu ya mtu. Kwa mwanamke aliyekuzidi umri inatosha kusema, "Mama, samahani, hiki kipele kimekuanza lini?" Kisha uulize kama kuna mwingine nyumbani anayejikuna, hasa usiku. La mwisho ni kuuliza amepaka nini, na hapa usikubali jibu la kwanza. Mtu husema hajapaka kitu, halafu ukimuuliza kuhusu mafuta ya nywele, udi wa nguo, sabuni mpya na krimu aliyopewa na jirani, orodha hurefuka.

Piko

Naanza na piko kwa sababu ndiyo hatari inayotoka mikononi mwetu wenyewe. Hina halisi ni majani yaliyosagwa; rangi yake, losoni, hushikamana na keratini, hutoka ya chungwa na kuiva kuwa nyekundu ya damu ya mzee kwa siku moja au mbili. Ni nadra hina hiyo kumdhuru mtu mzima. Piko ni kitu kingine. Ni rangi ya nywele, na weusi wake unatokana na kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Katika Umoja wa Ulaya kemikali hiyo inaruhusiwa katika rangi ya nywele peke yake, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na hairuhusiwi kupakwa ngozini. Marekani pia haikuidhinisha ipakwe ngozini. Mchanganyiko unaokorogwa bakulini hauna kipimo chochote.

Inavyofanya kazi ndivyo inavyowadanganya watu. Mara ya kwanza mteja huenda asipate kitu. Kemikali hupenya epidemisi, seli za kinga huikamata na kuikariri, na kazi hiyo huchukua siku kumi hivi. Akipakwa tena, baada ya saa 24 hadi 72 maua yote huvimba na kutoa malengelenge kwa umbo lile lile ulilolichora, jani kwa jani, na michirizi hiyo inaweza kuacha kovu au doa la miezi mingi. Mzio huo kwa kawaida haumtoki tena maishani. Miaka ishirini baadaye, akitaka kuficha mvi kwa rangi ya dukani, uso wake unaweza kuvimba mpaka macho yakafumba. Anapokuambia, "Mbona mwaka jana sikudhurika?" jibu ni kwamba mwaka jana ndio mwili ulipojifunza.

Kwa hiyo usipake piko ngozini, na kwa mtoto usipake hata tone. Bi harusi anayetaka maua meusi unaweza kumshawishi kwa hina iliyokorogwa vizuri ikaachwa usiku kucha. Ajapo mtu aliyekwisha kupakwa kwingine na anaanza kuwashwa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni laini, usimpake limau wala spiriti, umpeleke kituo cha afya. Akivimba midomo au macho, au akikosa pumzi, hapo ni hospitali mara moja.

Mtoto mchanga ana tahadhari yake tofauti: yule aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu, hali ambayo si ngeni katika sehemu zilizozoea malaria kama pwani yetu, anaweza kuvunjika chembe za damu kwa hina tu, hata ile safi. Kumpaka hina mtoto wa arobaini ni desturi tamu, lakini ni bora asubiri akue.

Ukurutu, na mikono yako mwenyewe

Ukurutu wa kurithi, ambao baadhi ya watu huuita pumu ya ngozi, ni ukuta uliojengwa kwa chokaa haba. Jina hilo lina ukweli ndani yake, kwani mara nyingi mtoto mwenye ukurutu ana pumu au mafua ya mzio, au mzazi wake anayo. Utaukuta kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, shingoni na kope za macho. Kwenye ngozi nyeusi huweza pia kutokea kama vipele vidogo vidogo vilivyokaa juu ya kila kinyweleo, na ngozi iliyokunwa kwa miaka huwa nene na yenye mistari mfano wa ngozi ya ndovu. Hauambukizi. Unaweza kumhudumia mtu huyu, ila bila manukato, bila kusugua, na bila dawa kali karibu na sehemu iliyowaka.

Ushauri wa kumpa ni mwepesi. Aoge kwa maji ya vuguvugu kwa muda mfupi, atumie sabuni isiyo na harufu, na ndani ya dakika tatu za kutoka majini, ngozi ikiwa bado na unyevu, ajipake mafuta mazito ya mgando, yale ambayo sote huyaita vaselini bila kujali yametoka kampuni gani. Wanaoogea maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo katika mitaa mingi ya kisiwani, wajisuuze mwisho kwa kopo moja la maji ya mfereji yasiyo na chumvi, yakipatikana.

Akiandikiwa steroidi na tabibu, mwonyeshe kipimo: krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole hadi kwenye kifundo chake cha kwanza ni nusu gramu hivi, na inatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Dawa hizi zilianza kupakwa ngozini mwaka 1952, Marion Sulzberger na Victor Witten walipotumia haidrokotisoni, na zikitumiwa kwa kipimo na kwa muda uliopangwa ni msaada mkubwa. Ubaya huingia mtu anapojinunulia kwenye kemisti krimu yenye klobetasoli, iliyo miongoni mwa steroidi kali kupita zote, akaipaka usoni kila siku kwa miezi. Ngozi hukonda, mishipa huonekana, chunusi hufumuka, na akiiacha ghafla uso huwaka kama umemwagiwa pilipili.

Sasa jitazame wewe. Msusi huosha vichwa kutwa, na kinyozi hushika spiriti kila nusu saa. Ukurutu wa mikono unaotokana na kazi huanza kati ya vidole na chini ya pete, kwa ukavu mdogo ambao watu huupuuza hadi upasuke. Vua pete kabla ya kazi, vaa glavu za nitrili unapogusa rangi na dawa, zibadilishe zinapolowa ndani, na ujipake mafuta kila unapomaliza kunawa. Glavu za mpira wa kawaida zenye unga huwaletea wengine mzio wa namna yake.

Kichwani na kisogoni

Mba ni sura nyepesi ya ugonjwa uitwao dematitisi ya seboroiki. Fangasi wa jamii ya Malassezia, anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta ya tezi, humfanya mtu mwenye mwelekeo huo awake. Magamba huwa ya mafuta na ya manjano hafifu, kichwani, kwenye nyusi, pembeni mwa pua na nyuma ya masikio. Kwenye ngozi nyeusi sehemu hizo mara nyingi hupauka badala ya kuwa nyekundu. Kukilowesha kichwa cha namna hii kwa mafuta ya nazi hufanya magamba yalale kwa siku mbili, basi. Shampuu yenye ketokonazoli ya asilimia 2, ikiachwa kichwani dakika tano kisha ikasuuzwa, mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki mbili hadi nne, ndiyo inayofaa. Kwa nywele za kipilipili zilizo kavu mara moja kwa wiki hutosha, na mafuta yapakwe kwenye nywele badala ya ngozi.

Soriasisi huchanganywa na mba, lakini ni kitu kingine: seli ambazo zingepanda kwa wiki nne hupanda kwa siku chache tu, na kurundikana magamba mazito meupe kama fedha yanayovuka mpaka wa nywele na kuingia kipajini. Angalia viwiko, magoti, na kucha zenye vishimo kama vya sindano. Hauambukizi, ingawa mteja wake huenda amekwisha kukimbiwa na saluni mbili. Jambo moja lizingatie: mahali ngozi yake inapojeruhiwa panaweza kuota soriasisi mpya, kwa hiyo usikwangue magamba kwa kitana, na usuke kwa kulegeza.

Vinyozi wana ugonjwa wao, wa vipele vya ndevu. Unywele uliojisokota ukikatwa chini ya uso wa ngozi huwa na ncha kali kama mkuki, na unapokua hujipinda na kuichoma ngozi ile ile uliyotokea. Mwili huuona kama mwiba na kuushambulia. Usiivute ngozi unaponyoa, usipitishe wembe kinyume cha ulalo wa nywele, na kwa aliyekwisha kupata vipele acha wembe kabisa, utumie mashine inayobakisha milimita moja. Hali ya kisogoni ni nzito zaidi, kwani vipele vya hapo vinavyochokozwa kila wiki huweza kugeuka makovu magumu ya kuvimba yasiyoota nywele tena. Mteja atakuomba umchongee mstari wa chini uonekane. Mwambie, "Kaka, hapa nikikwangua tena utakuja kujuta," na umwachie nywele fupi bila mstari. Spiriti juu ya vipele hivyo humfanya aruke kitini na huongeza kuwaka bila kuvitibu.

Kwa msusi, jambo linalolingana na hilo ni kuvuta. Misuko inayobana, hasa ikifuatiwa na nyongeza nzito, huvinyanyasa vifuko vya pembeni mwa kipaji. Mwanzoni huonekana vijipele na magamba kwenye mizizi, na ukilegeza wakati huo nywele hurudi; ukiendelea kwa miaka, vifuko hufa na kuwa makovu. Msuko unaomnyima mtu usingizi usiku wa kwanza unabana mno, na dawa yake ni kuufumua, si kumpa kidonge cha maumivu.

Chunusi zilizojipanga kipajini kufuata mpaka wa nywele mara nyingi ni za mafuta ya nywele yaliyoteremka na kuziba vinyweleo. Punguza mafuta, na umwambie mteja kwamba hata dawa sahihi, kama benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5, huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili. Inachujua rangi ya leso na foronya, jambo ambalo wauzaji husahau kulisema.

Harara haihitaji mengi: mirija ya jasho imeziba, ngozi inachoma kama sindano. Baridi, nguo nyepesi za pamba, na kuacha mafuta mazito. Liwa iliyosagwa kwenye msio hupoza, na siioni kuwa na ubaya ikiwa haikutiwa manukato ya dukani.

Vinavyofanana na visivyo

Mtoto aliyeletwa kunyolewa akiwa na mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, yenye magamba na vidoa vyeusi vya nywele zilizokatikia ngozini, ana choa, au mashilingi kama watoto wenyewe wanavyosema. Fangasi huyu huingia ndani ya unywele, kwa hiyo krimu haimfikii. Hutibiwa kwa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Mashine ikimgusa imebeba choa hadi kichwa kinachofuata. Usimnyoe. Choa cha mwilini nacho, kikipakwa steroidi, hupoteza mviringo wake na kuenea kimyakimya, na hata tabibu hupata shida kukitambua. Ndiyo sababu ya lile swali la tatu.

Upele wa kuambukiza huwasha zaidi usiku, hukaa baina ya vidole, viganjani karibu na kifundo na kiunoni, na nyumba nzima hujikuna. Watu wote wa nyumba hutibiwa siku moja.

Baka lililopauka ambalo halihisi kuguswa kwa pamba, mteja akiwa amefumba macho, lisiachwe. Huenda ni ukoma, ambao unatibika, na dawa zake zimetolewa bure duniani kote tangu 1995. Usilitaje jina hilo mbele ya watu. Mwandikie kikaratasi cha kwenda kituo cha afya cha karibu, na wao watampa rufaa ikihitajika. Homa pamoja na ngozi inayobanduka au vidonda vya mdomoni, hasa kwa mtu aliyeanza dawa mpya wiki chache zilizopita, haingoji kikaratasi, mtafutie gari.

Weka daftari. Kila mteja aandikiwe tarehe, rangi au dawa aliyopakwa na jina lake kama lilivyo kwenye pakiti, mahali ngozi ilipokuwa na tatizo, na jibu alilotoa ulipomuuliza amepaka nini. Akirudi baada ya siku tatu akiwa amevimba, mpe ukurasa huo na ile pakiti aende navyo kwa tabibu.